Anton Chekhov: Aliyekataliwa na wahariri akawa bingwa wa hadithi fupi

Na Mwandishi Wetu

JINA la Anton Pavlovich Chekhov hutajwa kila yanapozungumzwa maendeleo ya hadithi fupi duniani. Tamthiliya zake zingali zikiigizwa katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani, na hadithi zake husomwa kwa lugha nyingi, zaidi ya karne moja tangu alipofariki dunia.

Lakini si wengi wanaofahamu kwamba safari ya mwandishi huyo wa Urusi ilianzia katika safu ndogo ya majibu ya wahariri, mahali ambapo waandishi chipukizi walikuwa wakikubaliwa au kukataliwa mbele ya macho ya wasomaji wote.

Kijana yeyote aliyewahi kupeleka hadithi au shairi kwa mhariri, kisha akakaa akisubiri jibu wiki baada ya wiki, atajiona katika maisha ya Chekhov. Tofauti ni kwamba kwa Chekhov jambo hilo halikuwa la kutafuta sifa tu. Mkate wa familia nzima ulikuwa ukitegemea jibu hilo.

Mjukuu wa mtwana

Chekhov alizaliwa Januari 29, 1860, kwa kalenda inayotumika sasa, katika mji wa bandari wa Taganrog ulio kando ya Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Baba yake, Pavel, alikuwa na duka la vyakula na bidhaa ndogo ndogo. Anton alikuwa wa tatu, akiwatanguliwa na kaka zake Alexander na Nikolai, na kufuatiwa na Ivan, Maria na Mikhail.

Babu yake, Yegor, alizaliwa mtwana, yaani mkulima aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenye ardhi. Kwa kudunduliza fedha kidogo kidogo, alijikomboa yeye na familia yake mwaka 1841, miaka 20 kabla serikali ya Urusi haijaufuta utwana.

Pavel alikuwa mtu wa ibada na mwenye mkono mkali. Aliwaamsha wanawe alfajiri kwenda kuimba kwaya kanisani, akawaweka dukani hadi usiku, na kosa dogo liliishia kwa viboko. Machungu ya utoto huo yalibaki moyoni mwa Anton maisha yake yote.

Mwaka 1876 biashara ilianguka. Pavel, aliyekuwa amezama katika madeni, alikimbilia Moscow ili asifungwe na wadai wake, na baadaye mkewe akamfuata na watoto wadogo. Nyumba yao ikaangukia mikononi mwa mtu mwingine. Anton, akiwa na miaka 16, alibaki peke yake Taganrog ili amalize shule.

Kwa miaka mitatu alijitegemea kwa kufundisha watoto wa watu masomo ya ziada, na katika kidogo alichopata alikuwa akituma fedha Moscow. Ni katika kipindi hicho ndipo alipoanza kuandika vichekesho vifupi na kumpelekea kaka yake Alexander, ambaye tayari alikuwa akiandikia majarida ya jijini, ili amtafutie mhariri wa kuvipokea.

Familia yamwelemea

Agosti 1879 Anton aliwasili Moscow na kujiandikisha katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu. Halmashauri ya mji wa Taganrog ilikuwa imempa msaada wa masomo wa ruble 25 kwa mwezi.

Aliikuta familia yake ikiishi chini ya jengo, katika mtaa wa Grachevka uliokuwa maarufu kwa ulevi na ukahaba. Baba alikuwa amepata kazi yenye mshahara mdogo katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Alexander na Nikolai, wote wawili wenye vipaji, walikuwa wamekwishaanza kuzama katika pombe.

Hivyo kijana wa miaka 19, asiye na kazi wala mali, akajikuta amekuwa kichwa cha nyumba. Mchana alihudhuria masomo ya udaktari, na usiku akaketi kuandika.

Wakati huo Moscow na St. Petersburg zilikuwa na majarida mengi ya kila wiki yaliyojaa vichekesho, michoro na hadithi fupi fupi. Wasomaji wake walikuwa makarani, wafanyakazi wa maduka na wanafunzi, watu wa mjini waliotaka kitu cha kusoma kwa haraka na kucheka.

Majarida hayo yalilipa kwa mstari. Mwandishi hakulipwa kwa uzito wa wazo wala uzuri wa lugha, bali idadi ya mistari iliyochapishwa. Kwa chipukizi, malipo yalikuwa kopeki tano kwa mstari, na kopeki 100 ndizo zilizofanya ruble moja. Hadithi ya mistari 100 ilimpatia mwandishi ruble tano.

Majibu hadharani

Mojawapo ya majarida hayo lilikuwa Strekoza, maana yake Kereng'ende, lililochapishwa St. Petersburg. Kama mengine ya wakati huo, lilikuwa na safu iliyoitwa sanduku la barua. Humo mhariri aliwajibu waliotuma kazi zao, akitumia herufi za majina yao, kwa sentensi moja au mbili. Waliokubaliwa walijua humo, na waliokataliwa vilevile, na aghalabu kwa kejeli iliyowachekesha wasomaji wengine.

Mwishoni mwa mwaka 1879 Chekhov alipeleka kazi yake na jibu likawa la kukataliwa. Hakukata tamaa. Alituma nyingine, na Januari 1880 safu hiyo ikamjulisha kwamba alichotuma si kibaya, kwamba kitachapishwa, na kwamba wahariri wanamtakia heri aendelee.

Machi 1880 hadithi hiyo ilitoka. Ilikuwa katika sura ya barua ambayo mmiliki mmoja wa ardhi, mjuaji asiye na elimu, anamwandikia jirani yake msomi akipinga sayansi kwa hoja za kuchekesha.

Katika toleo hilo hilo kulikuwa na kipande kingine chake kifupi, kilichoorodhesha mambo yanayorudiwa mno katika riwaya na hadithi za waandishi wengine. Kwa maneno mengine, siku ile ile jina lake la utani lilipoingia magazetini, kijana huyo wa miaka 20 alikuwa tayari anawacheka waandishi wanaotembea katika njia iliyokwisha kukanyagwa na kila mtu.

Mwaka huo Strekoza ilichapisha vipande vyake kadhaa. Lakini hali ilibadilika. Majibu ya kukataa yakaanza kufuatana, kila moja kali kuliko lililotangulia. Mmoja wa wahariri alilalamikia urefu na ukavu wa kazi zake. Desemba 1880 sanduku la barua likamwambia, mbele ya wasomaji wote, kwamba ananyauka kabla hajachanua.

Chekhov alivunja uhusiano na jarida hilo. Kwa miezi kadhaa alichapisha kidogo sana. Katika kipindi hicho aliandika tamthiliya ndefu na kumpelekea mwigizaji maarufu wa kike, Maria Yermolova, akitumaini kwamba ataiigiza. Hiyo nayo ilikataliwa. Muswada wake ulikuja kuonekana baada ya kifo chake, ukachapishwa mwaka 1923, na leo tamthiliya hiyo hujulikana kwa jina la Platonov.

Suruali badala ya fedha

Kukubaliwa nako kulikuwa na taabu zake. Baada ya Strekoza, Chekhov alihamia katika majarida ya Moscow kama Zritel na Budilnik. Hadithi zilichapishwa, lakini kulipwa kukawa kazi nyingine.

Mdogo wake Mikhail, aliyekuwa akitumwa kufuatilia malipo, alikuja kusimulia jinsi walivyokuwa wakizunguka ofisi za magazeti kudai ruble tatu, wakikaa saa nyingi wakimsubiri mhariri. Safari moja mhariri alikiri kwamba hana fedha, akauliza kama tiketi ya ukumbi wa michezo haitatosha, au pengine suruali mpya kwa fundi wa nguo.

Chekhov hakutumia jina lake halisi. Alijiita Antosha Chekhonte, jina la utani alilopewa na mwalimu wake wa dini kule Taganrog. Alikuwa pia na mengine mengi ya kuchekesha, likiwamo Mtu Asiye na Wengu na Kaka wa Ndugu Yangu. Majina hayo ya bandia yalizidi 40. Jina lake kamili alilihifadhi kwa ajili ya makala za kitabibu alizotarajia kuziandika siku za usoni, kwani aliamini kwamba udaktari ndio kazi yake na uandishi ni kibarua.

Mwaka 1882 alikusanya baadhi ya hadithi zake awe na kitabu cha kwanza, chenye michoro ya kaka yake Nikolai. Wakaguzi wa serikali walikizuia.

Shule ya mistari mia

Mwaka huo huo, 1882, bahati ikamwangukia barabarani. Nikolai Leikin, mwandishi na mmiliki wa jarida la Oskolki la St. Petersburg, alikuwa Moscow akitafuta waandishi vijana. Akipita kwa gari la farasi na mshairi Liodor Palmin, Palmin aliwaona ndugu wawili wa akina Chekhov wakitembea kando ya njia, akamwonyesha Leikin.

Leikin alilipa kopeki nane kwa mstari, na alilipa kwa wakati. Lakini masharti yake yalikuwa magumu. Hadithi isizidi mistari 100 hivi, ichekeshe, isiwachokoze wakaguzi wa serikali, na ifike kila wiki bila kukosa. Juu ya hayo alitaka maneno ya kuwekwa chini ya michoro, na kuanzia mwaka 1883 safu ya habari na vituko vya jiji la Moscow.

Chekhov alilalamika mara kwa mara kwamba kipimo hicho kinambana, kwamba mara nyingine hulazimika kuikata hadithi hadi inapoteza uhai. Hata hivyo, mbano huo ukawa shule. Alijifunza kuingia katika kisa bila utangulizi, kumchora mtu kwa ishara moja au mbili, na kuondoka kabla msomaji hajachoka.

Katika Oskolki ndimo zilimotoka hadithi ambazo hadi leo kila mtoto wa shule nchini Urusi anazijua. Mwaka 1883 ilichapishwa ile ya karani aliyempigia chafya jenerali ukumbini, akaomba radhi mara nyingi mno hadi akafa kwa hofu. Mwaka huo huo ikatoka ya marafiki wawili wa utotoni, mmoja mnene na mmoja mwembamba, ambao furaha yao ya kukutana inaharibika mwembamba anapotambua kwamba mwenzake ana cheo kikubwa. Mwaka 1884 ikafuata Kinyonga, kisa cha polisi anayebadili hukumu kila anapoambiwa mbwa aliyemng'ata mtu ni wa nani.

Zilikuwa hadithi za kuchekesha, lakini chini ya kicheko hicho kulikuwa na mjukuu wa mtwana akiitazama hofu ya watu mbele ya wenye vyeo.

Mazingira ya kuandikia yalikuwa magumu. Katika barua aliyomwandikia Leikin Agosti 1883, alieleza kwamba chumba cha pili mtoto wa jamaa yao mgeni analia, chumba kingine baba anamsomea mama kitabu kwa sauti, na mtu mwingine amefungulia kisanduku cha muziki. Katikati ya kelele hizo ndipo alipotakiwa kuchekesha watu kwa ujira wa mstari.

Kati ya mwaka 1882 na 1887 Oskolki ilichapisha zaidi ya vipande 200 vya Chekhov.

Daktari anayetema damu

Mwaka 1884 alihitimu udaktari na kuanza kutibu wagonjwa. Wengi walikuwa maskini, na wengi hakuwatoza kitu. Desemba mwaka huo alitema damu kwa siku kadhaa. Akiwa daktari alizijua dalili za kifua kikuu, lakini kwa miaka mingi alijidanganya na kuwadanganya ndugu zake kwamba ni jambo dogo. Familia ilikuwa ikimtegemea, na mwenye kutegemewa hakuwa na nafasi ya kuugua.

Mwaka 1885 alipata ukurasa mwingine, gazeti la kila siku la Peterburgskaya gazeta. Huko hakubanwa sana na kipimo wala hakulazimishwa kuchekesha. Hadithi ya askari mstaafu anayejipa kazi ya kuwachunga wanakijiji wote, iliyozuiwa na wakaguzi isitoke Oskolki, ilichapishwa humo. Januari 1886 ikatoka ile ya mwendesha gari la farasi aliyefiwa na mwanawe, ambaye kwa kukosa binadamu wa kumsikiliza anaishia kumsimulia farasi wake msiba huo.

Desemba 1885 Chekhov alifika St. Petersburg kwa mara ya kwanza, akiwa mgeni wa Leikin. Alistaajabu. Yeye aliyedhani anaandika vitu vya kusomwa na kutupwa alikuta watu wazito wa fasihi wanamjua na kumheshimu. Alijisikia aibu, kwa kuwa angejua wanamsoma hivyo, asingeandika kwa haraka kiasi kile.

Februari 1886 hadithi yake ilichapishwa katika Novoye Vremya, gazeti kubwa la Alexei Suvorin, kwa kopeki 12 kwa mstari. Wahariri walimshawishi aweke jina lake halisi. Antosha Chekhonte akaanza kumpisha Anton Chekhov.

Barua ya mzee Grigorovich

Machi mwaka huo huo ikamfikia barua iliyogeuza maisha yake. Mwandishi wake alikuwa Dmitry Grigorovich, mzee aliyeheshimika katika fasihi ya Urusi.

Grigorovich hakuwa mgeni katika kazi ya kuwabeba chipukizi. Mwaka 1845, akiwa kijana, ndiye aliyeuchukua muswada wa riwaya ya kwanza ya rafiki aliyekuwa akiishi naye na kuupeleka kwa mhariri Nikolai Nekrasov. Rafiki huyo alikuwa Fyodor Dostoevsky. Miaka 40 baadaye, mzee huyo alikutana gazetini na hadithi ya Chekhov kuhusu mwindaji na mkewe aliyetelekezwa, akatambua kwamba amekutana tena na kipaji kikubwa.

Katika barua yake alimwambia Chekhov kwamba ana kipaji kinachomweka mbele ya waandishi wote wa rika lake, lakini anakiharibu kwa haraka. Alimtaka aache kuandika kwa kukimbizana na tarehe, hata ikibidi alale njaa, na aitunze akiba yake ya mawazo kwa ajili ya kazi aliyoifikiria na kuinoa.

Chekhov alijibu kwa unyenyekevu wa mtu aliyeguswa sana. Alikiri kwamba hadi siku hiyo hakuwa amekiheshimu kipaji chake, kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku moja, na kwamba ile iliyomvutia mzee aliiandika akiwa bafuni mtoni. Aliahidi kubadilika, ingawa hakuficha kwamba ana familia ya kulisha.

Miezi miwili baadaye, Mei 1886, alimwandikia kaka yake Alexander masharti ya hadithi nzuri: kuepuka mahubiri marefu ya siasa na uchumi, kutopendelea upande, kusema kweli katika kuwaeleza watu na vitu, kufupisha hadi mwisho wa kufupisha, kuthubutu jambo jipya na kukimbia yaliyozoeleka, na kuwa na huruma. Kwa walimu wengi wa uandishi, masharti hayo yangali yakifundishwa.

Mlango wa majarida makubwa

Nchini Urusi wakati huo, mwandishi hakuhesabiwa kuwa mwandishi kamili hadi achapishwe katika majarida manene ya kila mwezi, yaliyobeba riwaya, uhakiki na mijadala ya taifa. Magazeti na majarida ya vichekesho yalionekana kuwa baraza la nje tu.

Chekhov aliingia ndani Machi 1888, jarida la Severny Vestnik lilipochapisha Nyika, hadithi ndefu ya mtoto anayesafirishwa kuvuka mbuga za kusini kwenda kuanza shule. Mwandishi Vladimir Korolenko alikuwa amemhimiza aandikie jarida hilo, na mshairi Alexei Pleshcheyev, aliyesimamia fasihi humo, aliupokea muswada kwa furaha. Yule aliyezoea kumaliza hadithi kwa siku moja alitumia takriban mwezi mzima kuiandika.

Oktoba 1888 Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimtunuku nusu ya Tuzo ya Pushkin, ruble 500, kwa kitabu chake kilichotoka mwaka uliotangulia. Kitabu hicho alikuwa amekitoa kwa heshima ya Grigorovich.

Hata kwa jina kubwa namna hiyo, misukosuko na wahariri haikwisha. Mwaka 1890 jarida la Russkaya Mysl lilimtaja miongoni mwa waandishi wasio na msimamo. Chekhov alimwandikia mhariri wake, Vukol Lavrov, barua ya hasira na kutangaza kwamba hawana tena uhusiano. Mwezi huo huo aliondoka kwenda kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi, ambako serikali iliwapeleka wafungwa, akawahesabu na kuwahoji maelfu kwa maelfu ya wakazi wake.

Miaka miwili baadaye walipatana. Novemba 1892 Russkaya Mysl ikachapisha Wodi Namba 6, kisa cha daktari anayeishia kufungiwa katika wodi ya wagonjwa wa akili aliyoisimamia, na kisha ripoti yake ya Sakhalin. Ugomvi ulikuwa umeisha, na jarida lililomtusi likawa nyumba yake.

Ndege aliyeanguka akaruka

Katika tamthiliya nako alionja kukataliwa hadharani. Oktoba 1896 tamthiliya ya Shakwe, inayohusu waandishi wawili, mmoja mashuhuri na mmoja kijana anayetafuta njia yake, ilizomewa na kuchekwa katika usiku wake wa kwanza St. Petersburg. Chekhov aliondoka ukumbini na kuzurura barabarani usiku, akiapa kutoandika tena tamthiliya.

Desemba 1898 kikundi kipya cha Moscow, Ukumbi wa Sanaa, kilichoongozwa na Konstantin Stanislavsky na Vladimir Nemirovich-Danchenko, kiliiigiza upya na kupata ushindi mkubwa. Ndege huyo akawa alama ya ukumbi huo. Mwigizaji wake, Olga Knipper, aliolewa na Chekhov mwaka 1901.

Mwaka 1899 Chekhov alimuuzia mchapishaji Adolf Marks haki ya kazi zake zote kwa ruble 75,000. Sharti mojawapo lilikuwa kuzikusanya hadithi zote za zamani. Watu wakatumwa kupekua majarida ya miaka iliyopita na kunakili kwa mkono. Chekhov alizisoma tena kwa kalamu nyekundu ya moyo, akarekebisha nyingi na kuziacha nje mamia ya zile alizoziandika kwa ajili ya kodi ya nyumba na mkate.

Asome za wengine

Jambo moja ambalo hakulisahau ni jinsi kunavyouma kusubiri jibu. Kwa hiyo alijibu. Miaka yote ya umaarufu wake alipokea miswada ya watu asiowajua, akaisoma, akaisahihisha na kuipeleka kwa wahariri.

Mwaka 1889 huko Yalta, binti mdogo aitwaye Elena Shavrova alimpa hadithi yake. Chekhov aliirekebisha na kumfikishia Suvorin, ikachapishwa. Maxim Gorky alipomwandikia akiomba ushauri, alimwambia bila kumficha kwamba anarundika maneno ya sifa, na kwamba msomaji huchoka pale kila nomino inapovishwa nguo tatu.

Mwaka 1902, uchaguzi wa Gorky kuwa mwanachama wa heshima wa Chuo cha Sayansi ulipofutwa kwa sababu za kisiasa, Chekhov na Korolenko walirudisha heshima zao wenyewe.

Mwaka 1903, akiwa amedhoofu kwa maradhi, alikubali kusimamia hadithi katika Russkaya Mysl. Kutoka Moscow, mafungu ya miswada ya waandishi wasiojulikana yakawa yanasafirishwa hadi nyumbani kwake Yalta. Yule ambaye sanduku la barua lilimtangaza kuwa amenyauka, sasa ndiye aliyekuwa akiamua nani apewe nafasi. Miswada aliirejesha ikiwa na maoni yake, mara nyingi akishauri sehemu za kufupisha.

Hadithi yake ya mwisho, Mchumba, ilichapishwa Desemba 1903, na tamthiliya ya Bustani ya Micheri ikaigizwa kwa mara ya kwanza Januari 1904.

Chekhov alifariki dunia alfajiri ya Julai 15, 1904, katika mji wa Badenweiler, Ujerumani, alikokwenda na mkewe kutafuta nafuu. Alikuwa na umri wa miaka 44. Mwili wake ulirejeshwa Moscow katika behewa la baridi lililoandikwa kuwa ni la kusafirishia chaza, na kwa mujibu wa Gorky, baadhi ya waombolezaji walilifuata kwa makosa jeneza la jenerali lililofika stesheni wakati huo huo. Kilikuwa kisa ambacho Leikin angekichapisha bila kusita, na kwa mistari 100 kingetosha.

Leo, wanaosoma hadithi zake hawayajui majina ya wahariri waliomkejeli katika Strekoza. Lakini kazi zake za awali, nzuri na mbaya, zimehifadhiwa katika mkusanyiko mkubwa wa maandishi yake uliochapishwa Moscow kati ya mwaka 1974 na 1983 katika juzuu 30. Anayezisoma kwa mpangilio wa miaka anaweza kuona, hatua kwa hatua, jinsi mwanafunzi aliyelipwa kopeki tano kwa mstari alivyojifunza kazi yake huku akichapishwa, akikatwa na kukataliwa.